Uhalisia Pepe na Uhalisia Ongezwa: Ulinganisho wa Vifaa vya Kichwani kwa Mafunzo ya Uchimbaji Madini, Ngara na Biharamulo

Vifaa vya kuvaliwa kichwani vinavyomwonesha mtumiaji vitu visivyokuwapo mbele yake havikuanza karne hii. Mwaka 1968, nchini Marekani, Ivan Sutherland alionesha kifaa kilichoning'inizwa darini na kuchora maumbo ya mistari juu ya yale aliyoyaona mvaaji. Tangu hapo mikondo miwili imejitenga. Vifaa vya uhalisia pepe, kama HTC Vive ya mwaka 2016 na Meta Quest 3 ya mwaka 2023, hufunika macho na kuleta mazingira mengine kabisa. Vifaa vya uhalisia ongezwa, mathalani HoloLens ya Microsoft, huacha macho yaone kupitia kioo angavu, kisha huweka maelezo juu ya vitu vilivyopo. Mpaka huo umeanza kufifia, kwani Quest 3 huweza kumwonesha mvaaji chumba alichomo kwa kutumia kamera. Istilahi nazo hazijatulia: kwa mkulima, pepe ni punje isiyo na kiini, na jina hilo laweza kuyafanya mafunzo yenyewe yadhaniwe kuwa matupu.

Kwa Nyabusozi, tofauti hii si ya kinadharia tu. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, ikiwa na hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele katika ajira. Hata hivyo, kipaumbele cha kisheria hakimfai asiye na ujuzi; kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kuukaribia mtambo hushindana na mwenzake wa Geita ambaye amekwisha kuuendesha.

Hapa ndipo hoja inapoelemea upande mmoja. Uhalisia ongezwa humfaa fundi aliyesimama mbele ya mashine halisi. Pasipo mashine, hauna cha kuongezea. Uhalisia pepe hauhitaji mashine. Mwanafunzi huweza kujizoeza kutoka katika njia iliyojaa moshi, au kukagua paa la mwamba, akakosea bila kufa. Chuo Kikuu cha Pretoria kilifungua kituo cha aina hii kwa wanafunzi wa uhandisi wa madini mwaka 2015. Lakini uzito wa nyundo, joto na vumbi havifundishiki hivyo, na baadhi ya watumiaji hupata kichefuchefu kwa sababu macho huona mwendo ambao sikio la ndani halihisi.

Bei nayo inaamua. Quest 3 ilianza kuuzwa kwa dola 499. HoloLens 2 kwa dola 3,500, na Microsoft ikasitisha utengenezaji wake mwaka 2024. Betri ya Quest 3 hudumu takriban saa mbili, hivyo ratiba ya darasa hutegemea umeme. Programu nyingi huweza kupakuliwa mjini na kutumika bila mtandao. Kikwazo kikubwa zaidi ni lugha, kwani aghalabu maelekezo hutolewa kwa Kiingereza, na onyo lisiloeleweka mara moja halimwokoi mtu. Kurekodi upya sauti hizo kwa Kiswahili ni kazi ndogo kuliko kuunda programu mpya, ila huhitaji idhini ya mmiliki wake, na istilahi za miamba na za tahadhari sharti ziwe zimekubaliwa kwanza.