Usinunue pikipiki kwa macho

Kuna jambo ambalo huzua mabishano katika familia nyingi za Kwale, kuanzia Waa hadi Vanga, na ambalo huwafikia hata jamaa waishio Mombasa na Nairobi kwa njia ya simu. Kijana amemaliza shule, kazi hakuna, naye anataka anunuliwe pikipiki. Mzazi ameuza ng'ombe wawili, au zamu yake ya chama imefika, au karo ya mdogo mtu imeambiwa ingoje muhula mmoja. Pesa zipo. Swali lililobaki ni moja tu: pikipiki gani?

Mzazi akili yake iko kwenye bei. Kijana akili yake iko kwenye sura, hasa akiwa ameshawahi kuiona kruza ikipita Diani siku ya Jumapili. Kruza, kwa msomaji asiyeijua, ni ile pikipiki ndefu yenye kiti cha chini, usukani mpana uliorudi nyuma, na mahali pa kukanyagia palipo mbele, hata mwenye kuiendesha huonekana kama mzee aliyejiegemeza barazani. Asili yake ni barabara ndefu zilizonyooka za Marekani, nchi ambako kampuni ya Harley-Davidson ilianzishwa mwaka 1903 katika mji wa Milwaukee. Wajapani wakaiga na kupunguza ukubwa: Yamaha wakatoa Virago ya 250, Honda wakatoa Rebel. Wahindi nao wana Bajaj Avenger, na pia Royal Enfield Meteor ya 350 iliyotoka mwaka 2020. Jina la Royal Enfield lilianzia Uingereza, lakini pikipiki hizo zimekuwa zikiundwa Madras, mji ambao leo huitwa Chennai, tangu miaka ya hamsini.

Hatuna ugomvi na kruza. Kwa mtu mwenye mshahara wake, anayetaka kuvuka feri ya Likoni asubuhi na kushuka taratibu kwa lami hadi Msambweni akipigwa na upepo wa bahari, huenda hakuna chombo kitamu kuliko hicho. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ni ya lami yote, karibu kilomita mia moja, na sehemu kubwa ni tambarare. Kiti cha kruza kiko chini kiasi kwamba hata mtu mfupi hukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, jambo linalompa moyo anayejifunza.

Shida huanza lami inapokwisha, na Pwani Kusini lami huisha haraka. Geuka kushoto kwenda Galu na Kinondo, unakutana na mchanga. Geuka kulia kuelekea Lukore au mashambani nyuma ya Msambweni, unakutana na mawe na makorongo. Meteor ina uzito wa kilo 191. Harley nyingi hupita kilo 240. Boxer ya kawaida ya bodaboda ni kama kilo 120 hivi. Ikizama mchangani, Boxer huinuliwa na mtu mmoja mwenye nguvu. Harley itabidi uite vijana, na vijana hao watataka chai. Isitoshe, tumbo la kruza liko karibu na ardhi, hivyo jiwe ambalo pikipiki nyingine hulivuka, yenyewe huligonga. Na kwa kuwa miguu ya dereva imenyooshwa mbele, hawezi kusimama kidogo anapopita shimoni. Kila pigo humwingia kiunoni.

Kuhusu abiria, kruza nyingi zina kijiti cha nyuma kinachomtosha mtoto wa shule. Mama aliyebeba kikapu cha samaki kutoka Gazi atakaa wapi?

Vijana wengine huambiwa kwamba kuna njia ya katikati: pikipiki ndogo ya 150 iliyovishwa nguo za kruza, yaani usukani mpana na tangi lenye umbo la tone la maji. Sura yake hupendeza. Lakini kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji ni wapi utapata tangi hilo likitoboka, au taa hiyo ya mbele ikivunjika. Injini huenda ikawa ya kawaida, ila vifaa vya nje huenda vikahitaji kuagizwa mbali.

Pikipiki za kazi

Biashara ya bodaboda ilianzia mpakani Busia katika miaka ya sitini, kwa baiskeli. Pikipiki zilijaa nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mwaka 2008 kwa zile zisizozidi 250 sisi. Kabla ya hapo, kijiji kizima kingeweza kuwa na pikipiki moja tu, nayo ilikuwa Yamaha au Honda ya afisa wa kilimo. Leo Kwale yote hutembea juu ya magurudumu mawili: wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Msambweni, walimu, madafu, mitungi ya maji, hata mbuzi.

Wenye kubeba mizigo hiyo wamejigawa katika makundi matatu. La kwanza ni la Kihindi: Bajaj Boxer na TVS HLX. Boxer hutoka kampuni ya Bajaj yenye makao yake Pune, na hapo zamani jina lake lilitanguliwa na la Kawasaki, kwa kuwa Wajapani hao walishirikiana na Bajaj. Sifa yake kubwa si mbio. Ni kwamba ukiharibikiwa Kinango saa kumi na mbili jioni, kuna uwezekano mkubwa wa kupata spea na mtu anayejua kuifunga. TVS nayo ni hivyo hivyo, na wapo wanaoapa kwamba hunywa petroli kidogo zaidi. Tusiingilie ubishi huo. Mtaa ukiwa na mafundi wa TVS, chukua TVS.

Kundi la pili ni la Kichina: Haojin, Skygo, Shineray na nyinginezo nyingi. Hizi ndizo za bei nafuu, na tofauti yake na Boxer ya 150 huweza kufika shilingi elfu hamsini au zaidi. Watu huzidharau, lakini si haki kuzitia zote kapu moja. Nyingi zimeundwa kwa mfano wa injini ya Honda CG125, iliyobuniwa na Wajapani katika miaka ya sabini mahususi kwa nchi ambazo watu hawana muda wa kufanyia pikipiki huduma. Vali zake husukumwa kwa vijiti badala ya cheni ya ndani, basi kuna vitu vichache vya kulegea. Na kwa kuwa viwanda vingi viliiga mfano huo huo, spea ya moja mara nyingi huingia kwa nyingine. Udhaifu wa pikipiki hizi hauko sana katika ubunifu wa injini. Uko katika chuma chenyewe, rangi, nyaya za umeme na bolti. Na hapo ndipo Pwani huwatofautisha.

Kundi la tatu ni Wajapani wenyewe, Honda na Yamaha. Imara, lakini bei iko juu na spea halisi ni ghali.

Chumvi

Pikipiki ikinunuliwa Nakuru na ikinunuliwa Diani, si pikipiki moja. Upepo wa kusi unapovuma kuanzia mwezi wa Aprili, huleta unyevu wenye chumvi hadi barazani kwako. Chumvi hiyo hukaa kwenye njiti za magurudumu, kwenye cheni, kwenye maungio ya nyaya ambayo hugeuka rangi ya kijani, na ndani ya bomba la moshi. Mchanga nao huganda kwenye cheni yenye oili na kuisaga pamoja na meno yake. Huku kando ya bahari, rangi nyembamba na nikeli ya juu juu haikawii kuchubuka.

Kwa hiyo unapokuwa dukani, piga magoti. Usitazame tangi linalong'aa, tazama chini. Angalia viungo vilivyochomelewa kama ni laini au vina mashimo. Angalia nyaya kama zimefungwa vizuri au zinaning'inia. Madigadi ya plastiki, ambayo wengi huidharau, huku kwetu ni afadhali kuliko ya bati.

Kuhusu magurudumu, kuna ya njiti na kuna ya aloi. Ya aloi hayana njiti za kushika kutu, lakini yakigonga shimo vibaya hupasuka, na ufa wa aloi si jambo la kuchezea. Ya njiti hupinda, fundi akayanyoosha kwa saa moja. Mkaaji wa Diani anayezunguka kwenye lami achukue aloi. Wa Kinango abaki na njiti zake.

Pikipiki huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nasema hivi kwa kuwa visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya magadi, na mtu huosha chumvi kwa chumvi akidhani amesafisha.

Hesabu

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukue mfano wa Boxer ya shilingi 190,000 na ya Kichina ya 130,000. Mzazi hamwendeshi mtu. Ameajiri dereva anayeleta shilingi 300 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 7,800. Pesa za Boxer zitarudi baada ya miezi 24 na zaidi. Za ile ya Kichina zitarudi kwa miezi kama 17. Je, ikilala kwa fundi siku tano kila mwezi? Italeta 6,300, na miezi itakuwa karibu 21, bila kuhesabu gharama ya spea. Mpaka hapo, nafuu bado iko upande wa nafuu. Kinachogeuza mizani ni siku ya kuuza. Boxer iliyotunzwa hupata mnunuzi upesi. Ile nyingine utaizungusha vituo vyote vya Ukunda ukitaja bei na kuishusha.

Mkopo ni hadithi nyingine. Tuseme umetoa amana ya 25,000, kisha unalipa 450 kila siku kwa miezi 18. Siku hizo ni 547, na jumla ni 246,150. Ongeza amana, umefika 271,150 kwa pikipiki ya 190,000. Kwa kijana anayeendesha mwenyewe, akaamka alfajiri na kulala usiku, huenda akaweza. Lakini mzazi anayeletewa 300 na dereva, huku akidaiwa 450, anatoa angalau 150 mfukoni mwake kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwenye mkopo haangalii kama mvua ya masika imenyesha wiki nzima. Malipo yakikatika, pikipiki huchukuliwa, na aliyekwisha kulipa nusu huweza kubaki mikono mitupu. Ndiyo maana wazee wakasema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la shilingi chache kabla ya kununua pikipiki.

Pikipiki za umeme nazo zimeingia. Rais William Ruto alizindua mpango wake mjini Mombasa mwezi wa Septemba 2023. Ni kimya, hazitaki oili wala plagi. Jambo la kuuliza ni kituo cha kubadilishia betri: kiko wapi, na cha pili kiko wapi? Kwa anayezunguka mjini, sawa. Anayetaka kwenda Lunga Lunga na kurudi apige hesabu kwanza.

Kwenye bajeti weka kofia ngumu mbili, si moja. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inataka dereva na abiria wote wawe na kofia na koti la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Weka bima. Weka pia ada ya shule ya udereva: leseni ya kubeba abiria ni ya daraja la A3, na mtu aliyefunzwa na binamu yake katika uwanja wa mpira hajafunzwa.

Na ikiwa utanunua iliyotumika, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Iwashe ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Inama usome nambari ya chesisi na ya injini, uzilinganishe na zilizo katika logibuku. Jina la kwenye logibuku liwe la huyo anayepokea pesa zako, na ubadilishaji wa umiliki katika mtandao wa NTSA ufanywe siku hiyo hiyo, nyote wawili mkiwepo. Akikwambia logibuku iko kwa kaka yake Nairobi na atakuletea wiki ijayo, mwambie, "Haya, bwana, basi nami pesa nitaleta wiki ijayo."