Mwanafunzi mwenye mutoto: tumusaidie namna gani?



Tuseme katekista mumoja wa Kilembwe anabishiwa hodi mangaribi. Ni muzazi wa shirika lake. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, amezaa. Muzazi anauliza: «Masomo yake yamekwisha, ao namna gani?» Jibu la katekista linaweza kufungua ao kufunga njia ya watoto wawili: yule mama kijana na yule muchanga wake. Basi tujifunze neno hili vizuri.

1. Mufano wa zamani

Wafratri wanamujua Mutakatifu Augustino kama Askofu na Mwalimu wa Eklezia. Lakini kwanza alikuwa mwanafunzi mwenye mutoto. Alikwenda kusoma Karthago karibu mwaka 371. Baba yake akafa, na karibu mwaka 372 mwana wake Adeodato akazaliwa inje ya ndoa. Nani alimusaidia? Mama yake Monika, pamoja na Romaniano, tajiri wa muji wao Tagaste. Monika hakusema kwamba dhambi ni kitu chema. Alilia sana juu ya mwenendo wa mwana wake. Lakini hakumukatia masomo. Adeodato naye alisoma, akabatizwa pamoja na baba yake kule Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Tukumbuke vilevile mama ya mutoto huyo. Alirudishwa Afrika peke yake, hata jina lake halikuandikwa. Baba aliendelea na masomo, mama akasahauliwa. Je, hatuoni mambo ya namna hiyo mpaka leo?

2. Sheria ya inchi

Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za wanawake inalinda haki ya musichana ya kusoma, hata akiwa na mimba. Ngambo ya ziwa, ambako wakimbizi wengi wa Fizi walifika tangu mwaka 1996, wasichana wenye kuzaa walikuwa wanafukuzwa shuleni. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliwafungulia mulango wa kurudi. Sisi tunaoongoza shule nyingi kwa mapatano na Serikali ya mwaka 1977, hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Tena, kama musichana hajatimiza miaka 18, mutu mukubwa aliyelala naye ametenda kosa kubwa mbele ya sheria ya mwaka 2006. Jamaa wasipokee mbuzi na kunyamaza, hata kama mutu yule ni mwalimu.

3. Kanuni ya Eklezia

Zamani, Kanuni ya mwaka 1917 ilikataza kupokea katika seminari watoto waliozaliwa inje ya ndoa. Kanuni ya mwaka 1983 iliondoa kizuizi hicho. Juu ya ubatizo, namba 868 inaomba muzazi mumoja akubali, na pawe matumaini kwamba mutoto atalelewa katika dini. Basi tusimunyime mutoto ubatizo sababu tu mama yake hana bwana. Wala tusiwasukume vijana wawili kufunga ndoa kwa haya: ndoa ya kulazimishwa si ndoa (namba 1103).

4. «Tukimurudisha shuleni, wengine watamufuata»

Neno hilo tunalisikia mara nyingi. Lakini kufukuza hakuzuii mimba, kunaifundisha kujificha. Musichana anayejua kwamba atafukuzwa, anaogopa kusema, anakimbia, ao anatafuta dawa za kuua mutoto tumboni. Sisi tunaotetea uzima tusimusukume kwenye kifo.

5. Kazi ya kila mutu

Musaada si maneno matamu tu. Inafaa tupange hivi:

Mulezi. Mutoto muchanga anapaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Mama wa shirika mwenye kukaa karibu na shule ashike mutoto saa za masomo, na prefe aruhusu mama kijana atoke kumunyonyesha.

Feza. Masomo ya msingi hayalipwi tangu mwaka 2019, lakini sekondari inataka minervali. Shirika linaweza kulima shamba moja la muhogo na kuweka mavuno yake juu ya kazi hiyo.

Baba ya mutoto. Kama ni mwanafunzi, naye asifukuzwe. Lakini yeye na jamaa yake watoe sehemu yao ya sabuni, nguo na dawa.

Ulimi. Padri asimutaje musichana katika mahubiri. Maungamo yana mahali pake.

Chuo kikubwa. Anayeshuka Uvira ao Bukavu anaacha nyanya nyumbani. Wakubaliane kwanza: mutoto abaki na nani, na nani atapeleka habari zake.

Turudi kwa katekista wetu. Muzazi angali anangojea mulangoni. Amujibu hivi: «Masomo hayajakwisha. Kesho tutakwenda pamoja kwa prefe. Na leo, nionyeshe mutoto.»