Simu Ijue Nani ni Nani Kwako

Msomaji mmoja anauliza: simu yake imejaa majina, lakini miezi inapita hajampigia hata shangazi yake. Je, hakuna programu ya kumsaidia?

Zipo. Monica, kwa mfano, inatunza siku za kuzaliwa, mlichozungumza mara ya mwisho, na inakukumbusha. Lakini kitabu cha majina tulicho nacho wengi wetu bado kina akili ya daftari: kinapanga watu kwa alfabeti. Tazama tunavyosevu namba: "Fundi Bomba", "Anko Tanga", "Mama Neema Genge". Uhusiano tumeuandika wenyewe ndani ya jina, maana simu haiutumii kupanga majina. Basi Mama Neema wa genge na Mama mzazi wamekaa jirani kwenye M, na kwa simu wote ni sawa.

Kipi kinawatofautisha? Hapa kuna utafiti ninaoupenda mno. Mwaka 2014 Jari Saramäki wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, na wenzake, akiwemo Robin Dunbar wa Oxford, walichapisha matokeo ya vijana 24 wa Uingereza waliokuwa wanamaliza shule. Rekodi zao za simu zilifuatwa kwa miezi 18, wakati wakihamia chuoni au kazini. Marafiki walibadilika sana. Watafiti wakapima kila kijana anampa mtu wake wa kwanza sehemu gani ya simu zake, wa pili sehemu gani, na kuendelea. Umbo la mgawanyo huo lilibaki karibu lile lile, na kila kijana alikuwa na lake. Wao waliliita saini ya kijamii. Mimi nasema "mgao wa ukaribu", kwa sababu kinachopimwa ni kugawa.

Mfikirie mpishi anayepakua ubwabwa. Ana mkono wake: sahani ya kwanza anaijaza mpaka inafanya kichuguu, ya pili na ya tatu anaweka kiasi, zilizobaki upawa mmoja mmoja. Mwaka huu kichuguu ni cha mume, mwakani ni cha mtoto aliyerudi likizo. Jirani anahama, mkwe anaingia. Walaji wanabadilika, mkono wa kupakua ni ule ule. Na sufuria haiongezeki: mgeni akipewa kichuguu, kuna mtu atashuka kwenye upawa, ingawa hakuna aliyemkasirikia. Ndivyo rafiki wa shule anavyopotea. Hatukugombana naye, sehemu yake imekwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo chombo kizuri kianze na sufuria. Kihesabu simu na ujumbe, kikuonyeshe mgao wako ulivyo: hawa watatu wanachukua nyingi, huyu amepanda, yule ameshuka tangu Januari. Kengele za kukumbusha nazo zifuate ukaribu. Kwa maelezo ya Dunbar, watu 5 wa ndani kabisa tunawasiliana nao walau kila wiki, 15 kila mwezi, 50 kila nusu mwaka, na 150 walau mara moja kwa mwaka, kila kundi likibeba ndani yake lililo dogo kuliko lenyewe. Programu inayokuhimiza umpigie kila mtu kila wiki inakudai ubwabwa usiokuwepo. Tena ndugu na rafiki wasiwekewe kengele moja, kwani urafiki usipotunzwa hupoa upesi, ilhali undugu huvumilia kimya kirefu.

Vijana 24 ni wachache, na namba za Dunbar zina wapinzani. Rekodi za simu na ujumbe pia ni siri za mtu, hivyo zibaki ndani ya simu yake.

Ombi langu kwa wabunifu wetu: msituongezee kelele za kukumbushwa. Tuonyesheni nani amepungukiwa na nani ameongezewa, kisha tuachieni wenyewe. Kumpunguzia mmoja ili umpe mwingine ni uamuzi mzito, na leo wengi wetu tunaufanya bila hata kujua kwamba tumeufanya.