Upinzani wa Hewa Ndani ya Bomba

Mlipuko wa baruti mgodini huacha kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ili kuiondoa, feni husukuma hewa safi kwa bomba refu mpaka penye mwamba unaochimbwa. Bomba likiwa jembamba mno, hewa ifikayo kwa wachimbaji huwa haba, hata kama feni ni ileile. Sababu yake ni nini?

Hewa isuguanapo na kuta za bomba hupoteza kanieneo. Mjerumani Julius Weisbach alieleza kanuni yake mwaka 1845: zidisha kizigeu cha msuguano kwa urefu wa bomba, gawanya kwa kipenyo, kisha zidisha kwa nusu ya densiti na kwa mraba wa kasi. Hesabu hii si ngumu, ila inachosha, kwani kila ubadilishapo kipenyo huna budi kuanza upya. Hapo ndipo lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalojikokotolea lenyewe, linapotufaa.

Andika urefu katika A2, kipenyo katika B2, na mita za ujazo za hewa kwa sekunde katika C2. Kasi huwa D2: =C2/(0.7854*B2^2). Katika E2 weka =0.6*D2^2, ambapo 0.6 ni nusu ya densiti ya hewa karibu na usawa wa bahari. Hasara ni F2: =0.02*A2/B2*E2.

Tuchukue bomba la mita 100 lipitishalo mita moja ya ujazo kwa sekunde. Kwa kipenyo cha mita 0.4, hasara ni paskali 190. Sasa futa 0.4, uandike 0.3. Jibu laruka hadi paskali 801! Kipenyo kimepungua kwa robo tu, lakini hasara imezidi mara nne, kwa kuwa hubadilika kinyume cha kipeo cha tano cha kipenyo. Mwenye mgodi aliyebana matumizi wakati wa kununua bomba atailipa tofauti hiyo kila siku kwa umeme au dizeli. Asipoilipa, watakaoilipa ni wachimbaji, kwa mapafu yao.

Kizigeu 0.02 kinafaa bomba la bati lililo laini. Bomba la turubai lenye mikunjo huhitaji namba kubwa zaidi, na kona kali moja huongeza takriban 1.2 mara E2. Mwanafunzi na aongeze safu ya kona, kisha ajaribu kona tatu katika bomba lile jembamba.