Njia za Mkato za Fikra na Hukumu Zetu juu ya Lugha

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Aonaye mawingu huanua nguo zake bila kungoja ushahidi mwingine. Hiyo ni njia ya mkato ya fikra: tunashika dalili moja iliyo karibu na kuamua kwayo. Bila njia hizo tusingemaliza shughuli za siku moja. Lakini zina hatari zake, na hapa tunaeleza moja inayotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio kuhusu maneno ya Kiingereza. Watu waliulizwa: herufi K hutokea zaidi mwanzoni mwa neno au katika nafasi ya tatu? Wengi walijibu mwanzoni, kumbe ni kinyume chake. Maneno yanayoanza na K hukumbukwa kwa urahisi, nao wakadhani kikumbukwacho upesi ndicho kilicho kingi.

Lugha nazo huhukumiwa hivyo. Nchini Uganda wapo wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Hawasemi bure. Kiswahili kilitumika jeshini tangu enzi za ukoloni, na mateso ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, hayasahauliki. Askari aliyefoka kwenye kizuizi cha barabarani hukumbukwa mara moja. Mchuuzi aliyepatana bei kwa Kiswahili na dereva wa lori kutoka Mombasa hakumbukwi, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na la kutisha. Samaki mmoja akioza, wote huhesabiwa wameoza.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, uamuzi wa serikali haufuti kumbukumbu za watu, na ubishi darasani haufuti pia.

Tunapendekeza jambo dogo. Kwa juma moja kila mwanafunzi aandike alikosikia Kiswahili, nani alikisema, na kwa shughuli gani. Askari akiwemo, naye aandikwe. Kisha darasa lihesabu pamoja.

Nasi walimu tujipime vivyo hivyo. Kosa moja la kuchekesha la mwanafunzi hukaa kichwani muhula mzima, na sentensi zake sahihi tukazisahau. Kabla ya kumpa alama, tufungue daftari lake.