Shosho alipofungiwa nje ya misa

Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, masharti yalikuwa makali: watu 100, saa moja, wenye umri wa miaka 13 hadi 58 pekee. Sasa we fikiria misa ya kwanza parokiani. Nani hufika kabla ya kengele? Shosho, rozari mkononi. Ndiye huyo ambaye vijana wenye thamomita langoni walitakiwa kumrudisha nyumbani.

Sheria ilikuwa na maana, Korona iliua wazee zaidi. Lakini jumuiya ndogondogo zilipohamia WhatsApp, shosho wa simu ya mulika mwizi akabaki nje tena. Na ni yeye aliyejua nani mtaani amelala njaa, nani amefiwa. Habari hizo zikakosa wa kuzileta.