Miti ya Pamba na Mwanafunzi wa Fildi

Msimu wa pamba ukiisha, mkulima wa Simiyu hutakiwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma ifikapo Septemba 15. Funza mwekundu hujificha ndani ya vitumba vilivyosalia akingoja msimu ujao, kwa hiyo agizo hilo ni sahihi kabisa. Lakini nishati ya miti hiyo ikiteketea shambani, mama lishe wa Bariadi mjini ananunua mkaa wa miti iliyokatwa porini.

Hapo ndipo ningempeleka mwanafunzi wa fildi, badala ya kumkalisha ofisini akipanga mafaili.

Miti ya pamba ikichomwa ndani ya pipa lisiloingiza hewa nyingi, haiishii kuwa majivu, huwa mkaa. Mkaa huo husagwa, ukachanganywa na uji wa unga wa muhogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa hadi ukauke, ukawa mkaa mbadala. Joto la pipa humuua funza. Ugumu uko kwenye kalenda: miti ikilundikwa uani kusubiri mnunuzi hadi Novemba, mradi wa kuokoa mazingira utakuwa umefuga wadudu. Ndiyo maana kijana aanze kwa afisa ugani wa kata kabla ya kugusa pipa.

Kisha zije hesabu, na hapa sioni kwa nini tuwaachie wahandisi peke yao. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi mkoani Simiyu. Mwanafunzi wa uhasibu akae jikoni kwa mama lishe apime: sufuria moja ya maharage inakula kilo ngapi za mkaa wa kawaida, na ngapi za mkaa mbadala? Unga wa muhogo unaongeza gharama kiasi gani? Nauli je? Miti ya pamba hujaza gari ilhali uzito wake ni mdogo, kwa hiyo huenda ni nafuu kulipeleka pipa shambani na kurudi na mkaa tu. Mama lishe hatanunua kwa huruma ya misitu. Atanunua chakula kikiiva kwa fedha ileile au pungufu.

Vijana wa mkoa huu wameshaonyesha kuwa wanaweza. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yalitokana na mpango wa “wilaya moja, bidhaa moja”. Soko nalo linakuja: mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na shule kubwa zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa wa miti.

Wenye viwanda vya kuchambua pamba, mama lishe, wakuu wa shule: barua ya fildi ikifika mezani, mkabidhini kijana tatizo moja linalowagharimu fedha kila mwezi, na mmfungulie daftari la matumizi.